Nzou Havuti Tena Kushoto

Jumapili, Januari, saa kumi alasiri. Jua limewaka tangu asubuhi bila kupumzika, na upepo wa upande wa Industrial Area umeleta vumbi mpaka juu ya meza ninayoandikia. Nimeifuta mara mbili. Upande wa pili wa pazia Mama anashona. Kwa kawaida hashoni Jumapili, lakini shule zimefunguliwa na kuna sketi za watu zinazosubiri kupunguzwa. Amesema Mungu naye anajua kalenda ya shule.

Shajara, jana nilidanganya.

Nilisema neno moja tu. Wanaonijua watasema kwangu hilo ni hotuba. Lakini neno hilo lilimtia mtu mwema lawama isiyo yake, na lilikuwa linamwacha Baba arudi barabarani Alhamisi na hatari ambayo ni mimi peke yangu niliyeiona. Nataka kuandika yote leo, kwa sababu kesho asubuhi nina kazi inayonitisha kuliko mtihani wowote wa kidato cha nne.

Nianze na gari. Kuhusu gari naweza kuandika bila kuona aibu.

Nzou ni gari la Baba, jipu la dizeli, la zamani. Kwa Kikamba nzou ni ndovu. Jina hilo alipewa na wachongaji wa Wamunyu, ambao kila Alhamisi Baba huwabebea vinyago vyao kuja Nairobi: twiga, vifaru, vijiko virefu, bakuli zilizofungwa kwa magazeti. Nzou amenizidi umri kwa miaka mingi. Akiwashwa asubuhi, ghorofa yetu yote hapa Tassia inajua, na mama wa orofa ya pili huanua nguo zake kabla moshi haujapanda. Hagombani tena. Alishazoea.

Tangu mvua za mwaka jana, Nzou alikuwa na matatizo mawili. La kwanza, usukani ulikuwa umelegea. Ukiuzungusha, magurudumu yalikawia kwanza, kama mtoto aliyeitwa akiwa bado anataka kucheza. La pili, gari lilivuta kushoto. Baba alisema safari nzima ya kutoka Wamunyu ni kushindana nalo ili lisimwage vinyago mtaroni.

Alikuwa akirudi nyumbani ameushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, kama mtu aliyebeba kifaranga. "Nzou ataniua mkono," alikuwa akisema. Mama anamchua kwa dawa inayonuka mpaka kwenye ngazi. Usiku kwenye maombi yetu, Mama alikuwa anaombea matokeo yangu ya mtihani, halafu anaombea usukani. Sote tulikubaliana bila hata kukaa kikao: gari ndilo linaloumiza mkono. Gari likipona, mkono utapona.

Hata mimi niliamini. Nataka hilo liandikwe.

Basi Desemba, nilipomaliza shule, Baba aliamua Nzou atengenezwe chini kote. Si kupakwa rangi, si redio. Springi, bushi, shokabsoba, na viungo vyote vya usukani. Akampeleka kwa Fundi Wafula, ambaye gereji yake iko nyuma ya maghala, uwanja wa wazi uliozungushiwa mabati. Fundi Wafula ni mtu wa Bungoma, mfupi, mwenye kifua kama pipa. Yeye na Baba wamejuana tangu kabla sijazaliwa, na sijawahi kuwasikia wakisalimiana bila kutukanana.

"Mkamba," alisema siku ya kwanza, akiwa amelala chali chini ya gari, "hii gari haijaharibika. Imezeeka tu. Na mzee hafukuzwi nyumbani. Unambadilishia magoti."

"Badilisha, basi. Ama unangoja uchinjiwe kuku kwanza?"

"Kuku ya Mkamba? Si utaniletea mahindi yenu ya muthokoi ukiniambia ni mapaja."

Mimi nilikuwa nimesimama pembeni nikiwa nimeshika kopo la nati. Nilikuwa nimeenda kwa sababu nyumbani nilichoka kungojea matokeo, na kwa sababu Baba aliniambia twende.

Labda niseme jinsi nilivyo, kwa mtu atakayesoma shajara hii hapa mtandaoni bila kunijua. Maneno hunifia kooni. Darasani nilikuwa nikiinua mkono nikishajua mwalimu amegeukia ubao. Kanisani walinipa mstari mmoja wa kusoma siku ya vijana, nikausoma kimoyomoyo, nikarudi kukaa. Watu hufikiri nina maringo. Sina. Natamani sana kuongea, lakini kabla sijafika kwenye neno la kwanza wenzangu wameshahamia jambo lingine.

Chini ya gari hakuna anayekuuliza kitu. Unapewa spana, unaonyeshwa nati, na nati ikilegea kila mtu anajua umefanya kazi. Wiki ya kwanza nilirudi nyumbani na grisi mpaka kwenye nyusi, na nilikuwa na furaha ambayo sikuweza kumweleza mtu.

Tulianza na kupima viungo. Fundi ana njia yake. Mtu mmoja anakaa ndani anatikisa usukani kidogo kidogo, kushoto, kulia. Mwingine analala chini na kuweka kiganja juu ya kila kiungo cha vyuma vinavyounganisha usukani na magurudumu. Kiungo kizima kinasogea kimya. Kiungo kilichokufa kinagonga kiganjani. Fundi anasema macho hudanganywa na grisi, lakini kiganja hakidanganywi.

Fundi alikaa ndani. Baba akalala chini, akaweka mkono wa kulia juu ya kiungo cha kwanza.

"Hiki kizima," alisema.

"Kizima wapi? Mimi huku nasikia mwanya. Hebu Mwende ashike."

Nilishika. Kiligonga kiganjani mwangu waziwazi, kama punje ya mahindi inaporuka kwenye kikaango. Nikatikisa kichwa. Baba akacheka, akajipangusa mkono kwenye suruali.

"Mtoto ana mikono mipya," alisema.

Tangu siku hiyo kazi ya kupima ikawa yangu. Na kazi ya kukaza pia. Baba alikuwa akinipa spana na kusema, "Kaza wewe, Mwende. Mimi nimekaza vya kutosha hapa duniani." Kisha anakaa juu ya tairi kuukuu na kunielekeza kwa kidevu. Niliona fahari kubwa. Niliandika hapa, wiki mbili zilizopita, kwamba baba yangu ananiamini. Mmoja wenu aliacha alama ya moyo chini yake. Nimefikiria kuufuta ukurasa ule, lakini nimeuacha.

Niliharibu kitu kimoja, na niliharibu kwa bidii. Bushi ni mipira inayokaa kwenye macho ya springi, ili chuma kisisuguane na chuma. Zile za zamani zilitoka zimetafunwa kama makapi ya muwa. Tukaweka mpya, na Fundi alipokwenda kunywa chai nikakaza bolti zote nane kwa nguvu zangu zote ili akirudi akute kazi imekwisha. Gari lilikuwa bado juu ya stendi, magurudumu yananing'inia.

Fundi alirudi, akaangalia, akatafuna mandazi yake mpaka akamaliza.

"Mwende. Nani amekaza?"

Nikajionyesha kwa kidole.

"Umekaza vizuri sana. Sasa legeza zote."

Akanieleza polepole. Bushi haikazwi gari likiwa hewani. Ukiikaza hapo, mpira unashikwa katika umbo la kuning'inia, na gari likishuka chini mpira unajikunja. Hauonyeshi kitu siku hiyo, lakini baada ya miezi michache unachanika. "Lishushe kwanza," alisema. "Liache libebe uzito wake. Litikise, litulie. Ndipo ukaze." Baba akasema kutoka kwenye tairi lake kwamba hata mahari hujadiliwa wageni wakishaketi. Wakacheka wote wawili, nami nikacheka, na nikalegeza bolti nane.

Basi ikafika jana, Jumamosi. Kila kitu kilikuwa kipya chini ya Nzou. Kilichobaki ni kunyoosha magurudumu ya mbele yatazame mbele sawasawa. Fundi hana mashine ya kupimia. Anatumia uzi. Nilikuwa nimemletea uzi mnene wa Mama wa kushonea jinzi, kutoka soko la Gikomba. Unaufunga nyuma, unauvuta kando ya matairi ya upande mmoja mpaka mbele, na pale uzi unapogusa tairi la mbele ndipo unapojua kama linatazama mtaro au linatazama barabara. Tulivuta upande wa kulia, upande wa kushoto, tukageuza nati, tukavuta tena. Fundi akapiga uzi kwa kidole kama gitaa.

"Sawa," alisema. "Mkamba, chukua ndovu yako."

Kando ya gereji kuna uwanja wa vumbi ambapo malori hugeuzia siku za kazi. Jana mchana ulikuwa mtupu, na vumbi lake laini kama unga. Baba akaingia, mimi nikakaa kiti cha kushoto. Fundi alikuwa ameitwa na mteja mwingine langoni.

Tukaondoka polepole. Na ajabu ni kwamba Nzou alikuwa kimya. Hakugonga, hakuyumba. Nilitaka kumwangalia Baba usoni nione furaha yake, lakini nikaangalia mikono yake kwanza.

Mkono wa kushoto ulikuwa umeshika usukani. Wa kulia ulikuwa juu ya usukani, haukuushika. Vidole vilikuwa wazi, vimelala tu, kama glavu ambayo mtu ameisahau. Kila mkono wa kushoto ulipouvuta usukani kidogo, wa kulia haukuuzuia, na Nzou akaenda polepole upande wangu, kuelekea mabati. Baba hakuona haraka. Alipoona akakanyaga breki.

Akacheka. Kicheko chake kilikuwa kikavu.

"Bado inavuta," alisema. "Wafula hajamaliza."

Alirudi akamwambia Fundi hivyo hivyo. Fundi alikunja uso, akachukua uzi, akapima tena pande zote mbili, akiwa amepiga magoti vumbini. Kisha akaniambia mimi niendeshe mpaka mwisho wa uwanja, polepole, yeye achungulie magurudumu kutoka nyuma.

Baba alinifundisha kuendesha Desemba, humo humo uwanjani. Sina leseni bado. Nilipanda, nikaweka gia ya kwanza, nikaenda. Nusu ya njia nikafanya kitu nilichomwona Fundi akifanya: niliachia usukani, viganja vikiwa karibu bila kuugusa.

Nzou alikwenda mbele. Hakutazama kushoto wala kulia. Angeweza kwenda hivyo mpaka Wamunyu.

Nilipoteremka niliona alama vumbini. Mbili zilitoka mahali pamoja. Zangu zilikuwa zimenyooka kama uzi wa Mama. Za Baba zilianza vizuri, halafu zikaanza kupinda, polepole, kwa upole, kuelekea mabati. Gari moja, matairi yale yale, mchana ule ule.



Fundi alikuwa anakuja, anajipangusa mikono. Baba alikuwa nyuma yake, amesimama, mkono wa kulia umo mfukoni.

"Wewe umesikia inavuta?" Fundi aliniuliza.

Nilimwangalia Baba. Alikuwa ananitazama kama watu wanavyotazama ubao wa matokeo.

"Kidogo," nilisema.

Fundi akainamisha kichwa. Alisema basi, kama watu wawili wamesikia, yeye hawezi kubishana. Nzou abaki hapo springi zitulie, na Jumatatu ataifungua mbele yote aanze upya. Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Alisema, "Samahani, Mkamba. Macho yangu pia yamezeeka." Wakaondoka pamoja kwenda kunawa.

Nikabaki uwanjani peke yangu, na nikafanya jambo la pili. Nilianza kufagia alama za Baba kwa kiatu. Nilirudi kinyumenyume nikiburuta mguu, kuanzia pale zilipoanza kupinda. Sikufika mwisho kwa sababu Baba aliniita twende.

Usiku kucha niliwaza mambo ambayo nilikuwa nimeyaona bila kuyaangalia. Kikombe kilichomtoka Krismasi, tukasema kilikuwa na mafuta. Vifungo vya shati anavyovifunga kwa mkono wa kushoto. Kufuli ya mlango, ambayo siku hizi Baba akiifikia husema, "Mwende, fungua, wewe ndiye kijana." Kiungo kilichogonga kiganja changu na hakikugonga chake. Na spana. Spana ndiyo iliyoniuma zaidi. Nilikuwa nimepewa kwa sababu yeye hawezi, si kwa sababu mimi naweza.

Huo ni ubinafsi, najua. Baba ni mgonjwa na mimi nalilia spana. Lakini niliahidi nitaandika ukweli hapa.

Asubuhi ya leo tulienda kanisani. Baada ya ibada watu husimama nje wakisalimiana. Mafundi, mkono ukiwa na grisi, hawakupi kiganja. Wanakunja ngumi na kukupa kifundo cha mkono, unakishika hapo, mnacheka, hakuna aliyedharauliwa. Baba naye amekuwa akifanya hivyo tangu Nzou aingie gereji, na kila mtu anajua yuko kwenye kazi.

Leo alikuwa ameoga. Alikuwa amevaa shati jeupe. Mchungaji akamnyooshea mkono, na Baba akampa kifundo.

"Hata Jumapili, ndugu dereva?" mchungaji alisema.

"Grisi haijui sabato," Baba akajibu.

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa karibu nao kiasi cha kuona kwamba mkono ule ulikuwa safi kuliko wa mchungaji.

Mawazoni nikamwona Baba siku ya Alhamisi. Nikaona mteremko wa barabara ya changarawe, njia ya Wamunyu, kabla ya mto, Nzou amejaa twiga mpaka juu, na glavu iliyosahaulika juu ya usukani. Wiki hii Mama naye alisema atapanda, aende kumwona Susu, nyanya yangu.

Nikamwambia Baba, "Naomba twende gereji." Alifikiri nataka kufanya mazoezi ya kuendesha. Akamwambia Mama atangulie. Njia nzima nilijaribu kupanga maneno na hayakupangika. Tulipofika, langoni kulikuwa na kufuli, lakini uwanja wa vumbi hauna lango. Hakukuwa na lori hata moja. Alama zilikuwa bado zipo.

Nilisimama tu. Nilitazama chini mpaka naye akatazama chini.

Alikuwa na muda wa kuelewa, na alielewa polepole. Alitembea kando ya alama zangu mpaka mwisho, akarudi. Akafika mahali palipofagiliwa, na mbele yake, pale kiatu changu hakikufika, kipande cha mwisho cha alama zake kikielekea mabati.

"Hizi ni zako," alisema.

"Ndiyo."

"Na hizi ni zangu."

Kwa ncha ya kiatu akagusa palipofagiliwa.

"Na hapa palifagiliwa na nani?"

"Mimi."

Alichuchumaa. Kwanza nilifikiri ameanguka. Aliweka kiganja cha kulia juu ya alama ya tairi, kama tulivyokuwa tukiweka juu ya viungo, akakaa hivyo.

"Vidole viwili hivi sivisikii," alisema. "Tangu mvua. Sasa cha tatu kinafuata." Halafu akasema, bila kunitazama, "Niliomba iwe gari."

Nilitaka kusema mimi pia. Niliomba mimi pia, na Mama, kila usiku. Nilichofanya ni kuchuchumaa karibu naye. Tulikaa hapo juani kama watu wanaotafuta nati iliyopotea. Nilikumbuka Fundi anavyosema kuhusu kukaza. Nilingoja mpaka Baba akavuta pumzi ndefu na mabega yake yakashuka. Ndipo nikasema.

"Baba, Alhamisi usiendeshe."

Ni maneno matatu. Sijui kama nimewahi kumwambia mtu mzima asifanye jambo.

Aliniangalia. Nilifikiri atasema mimi ni mtoto. Akatoa simu kwa mkono wa kushoto, akanipa nimbonyezee, akampigia Fundi huku sauti ikisikika nje.

"Wafula. Kesho usifungue kitu."

"Kwani? Si mlisema inavuta?"

"Kazi yako ni safi."

"Mkamba, usinionee huruma. Kama inavuta, inavuta."

Baba alikitazama kiganja chake cha kulia. "Ni mimi ninayevuta," alisema. "Ni mkono."

Upande wa pili kulikuwa na sauti ya watoto na redio, kisha ikawa kama Fundi ametoka nje. "Uko na mtu hapo?"

"Niko na Mwende."

"Basi sawa. Nenda hospitali kesho, usinipitie hapa. Alhamisi ndovu nitaendesha mimi. Na hao wachongaji wako uwaambie ninakuja, wasinipikie muthokoi."

Baba akacheka, na safari hii kilikuwa kicheko chake. Nilichukua simu kabla sijabadilisha nia.

"Fundi," nilisema, "nisamehe. Haikuvuta kidogo. Haikuvuta kabisa."

"Nilishangaa," alisema Fundi Wafula. "Uzi wa mama yako ulikuwa unaniambia niko sawa, na wewe unaniambia siko sawa. Nikalala vibaya. Sasa leo nitalala."

Ilinichoma, na ilistahili kunichoma. Alilala vibaya kwa sababu ya neno langu moja.

Tulipokuwa tukirudi nyumbani niliuliza kile kingine. Sikupanga kuuliza, kilitoka chenyewe. Niliuliza kama alinipa spana kwa sababu ya mkono.

"Siku ya kwanza, ndiyo," alisema.

Tulitembea. Tulipita duka la chapati, tukapita vijana wanaoosha pikipiki.

"Siku ya pili nilifika kabla yako. Nikakaza mwenyewe ile nati kubwa ya springi, kwa nguvu zangu zote. Ukaja wewe, ukaijaribu, ikazunguka mara mbili zaidi." Akainua mkono wa kushoto kumpungia mtu asiyemjua. "Nikaenda kukaa kwenye tairi."

Sijui kama hilo ni faraja au ni huzuni. Nimeligeuza tangu mchana na bado sijui. Labda si lazima nijue leo.

Tulipofika chini ya ghorofa alisimama. Akaniambia kesho saa kumi na mbili twende hospitali, yeye na mimi, kabla foleni haijawa ndefu. Na daktari akiuliza, niongee mimi.

"Mimi?"

"Mimi nikiulizwa nitasema ni gari," alisema. "Najijua. Nimezoea. Wewe umeona yote."

Nilitaka kumkumbusha ni nani anayemtuma. Msichana aliyesoma mstari wa Biblia kimoyomoyo. Lakini alikuwa ameshaanza kupanda ngazi. Tulipofika orofa ya pili akasema bila kugeuka kwamba Mama lazima aambiwe leo. Hakusema aambiwe na nani. Alikula, akabadilisha shati, akateremka tena kwenda kuzungumza na mlinzi wa geti, na mpaka sasa hajapanda.

Kwa hiyo naandika hapa nitakachosema kesho, nisije nikakipoteza mlangoni:

Daktari, naitwa Mwende, na huyu ni baba yangu. Ni dereva. Mkono wake wa kulia haushiki vizuri tangu mvua za mwaka jana. Vidole viwili havisikii kitu, na cha tatu kimeanza. Hafungi vifungo kwa mkono huo, wala kufuli. Krismasi kikombe kilimtoka. Alishika kiungo cha gari kilichokufa, hakusikia kikigonga, mimi nilisikia. Akikuambia ni gari, si gari. Gari tumelitengeneza wenyewe na liko sawa.

Nimeyasoma kwa kunong'ona mara tatu. Mara ya pili nilikwama kwenye kikombe. Mara ya tatu nilifika mwisho.

Mara ya nne nilisahau kunong'ona, na upande wa pili wa pazia cherehani ikanyamaza.

Nilisubiri ianze tena. Haikuanza. Nikasikia Mama akiweka mkasi chini, taratibu, kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto.

Nikavuta pumzi. Nikaanza upya tangu jina langu, kwa sauti ya kufika upande wa pili.